Mkono wa Kushoto wa Kapteni

Hyderali alipitisha sindano kwenye tundu la zamani, akavuta uzi polepole, akatafuta tundu linalofuata, kwanza kwa ncha ya kidole, kisha kwa jicho. Alikwisha rudisha matundu arobaini na moja. Mkono wa kushoto wa suti ya kapteni ulikuwa bado umeachana na bega kutoka kwapani hadi nyuma, na saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasorobo. Mwenye suti angefika saa tisa na nusu.

Suti ilikuwa ya rangi ya fedha, yenye kung'aa kama karatasi ya chokoleti. Ndiyo pekee iliyosalia ya Doria ya Zohali, tamthilia ya anga za juu iliyotengenezwa hapa hapa Toronto nusu karne iliyopita. Sasa tamthilia hiyo ilikuwa inatengenezwa upya, na tangu mwanzo kazi haikutulia. Mwongozaji wa kwanza aliondoka baada ya siku tisa. Wa pili aligombana na kila mtu, hata wapishi. Bomba lilipasuka juu ya chumba cha mavazi, nusu ya nguo zikashonwa upya. Wenye kampuni walikwisha sema kwamba kazi ikisimama tena hata siku moja, wanafunga. Na tukio la Jumatatu, kapteni mzee anaporudi chomboni, liliandikwa kwa ajili ya suti hii yenyewe.

Hyderali aliambiwa atoe nakala, ya kuvaliwa na mtu wa kuruka na kuanguka badala ya mwigizaji. Kikaratasi kwenye mfuko wa kubebea suti kilikataza kubadilisha chochote, naye alikisoma. Lakini kule Tanga, alikojifunza kushona kwa kutazama tu barazani kwa watu, mteja akileta nguo utoe mfano, unaifumua, unachora vipande vyake kwenye karatasi, kisha unairudisha kama ilivyokuwa. Hakuna aliyeita hivyo kubadilisha. Asubuhi alifumua mkono mmoja. Zahira, mkuu wa mavazi, alipoingia akaukuta umelala peke yake mezani, alikaa juu ya boksi.

Zahira alizaliwa huku. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Yeye ndiye aliyempatia Hyderali kazi hii. Baadaye alimwambia apitishe cherehani, dakika kumi, mzee mwenye suti haoni vizuri, na asiseme kitu. Hyderali hakubishana. Alisema tu kwamba cherehani itatoboa matundu mapya, na kitambaa hiki kikitobolewa hakizibi.

Mzee Akberali aliwahi. Saa tisa na dakika tano alikuwa mlangoni, theluji ikiyeyuka kwenye viatu vyake. Alikuwa mfamasia mstaafu wa Richmond Hill, na suti hiyo ilishonwa na marehemu mkewe, Jenabai, katika baridi yao ya kwanza nchini. Alipoikabidhi alisema jambo moja: hakuna mkono mwingine uliowahi kugusa mshono huu.

Zahira alisimama mbele ya meza, akamkaribisha chai. Macho yake yalimwambia Hyderali la kufanya: itundike, mkono uubane na bitana, itaonekana nzima. Hyderali aliiweka sindano chini.

"Mzee Akberali, nimefumua mkono. Naurudisha kwenye matundu yake yale yale, lakini sijamaliza."

Mzee alivua glavu, moja, kisha ya pili.

"Nani kakuruhusu?"

"Hakuna. Kwetu ndivyo tunavyotoa mfano."

"Kwenu wapi?"

"Tanga."

"Mimi wa Lindi. Kwetu fundi wa namna hiyo alipigwa kiatu." Hakuna aliyecheka. "Tia mfukoni. Naondoka nayo."

Zahira alianza kueleza habari ya Jumatatu. Mzee akainua kiganja. Hyderali hakumbembeleza. Aliuchukua mfuko, akaufungua, kisha akamwomba atazame kitu kimoja kwanza. Akasogeza taa, akaweka kioo cha kukuzia juu ya bega. Kutoka kwapani hadi nyuma palikuwa na safu mbili za matundu, moja kando ya nyingine.

"Mimi nafuata hii ya nje. Hii ya ndani nimeikuta haina uzi. Yupo aliyeshona, akafumua, akashona tena. Na safu zote mbili zimelalia upande mmoja. Ni mtu yule yule, wa mkono wa kushoto."

Mzee aliinama juu ya kioo muda mrefu. Zahira alikuwa ameshika kikombe cha chai ambacho hakuna aliyekiomba.

"Aliniambia alipatia mara ya kwanza," mzee alisema mwishowe. "Mpaka anakufa, aliniambia alipatia mara ya kwanza."

Akavuta kiti, akaketi. Zahira alipotaka kushukuru, mzee alimkatiza: hakusema amekubali. Anataka kuona.

Hyderali akashona akitazamwa. Ilipofika saa kumi na moja ule mng'ao ulikuwa umemchosha macho, na tundu moja nusura alikose. Akasimama hapo hapo.

"Nikiendelea nitakosea."

"Yamebaki mangapi?"

"Thelathini na nane."

Mzee alivaa glavu zake. Alisema atakuja kesho saa tatu. Habari ya Jumatatu ataisema akishaona tundu la mwisho. Kabla hajafika, mtu asiguse.

Zahira alimsindikiza hadi kwenye gari. Hyderali aliacha sindano pale pale kwenye tundu, uzi ukining'inia, akafunika bega kwa kitambaa safi.