Kosa Ubaoni

Katibu wa Mheshimiwa alimkabidhi mshonaji ile karatasi nyuma ya ukumbi wa shule, karibu na pipa la maji, kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mama yake zawadi.

"Shikamoo, mama. Hii hapa, imeshanyooshwa. Kazi yako ni kusoma tu."

"Ile niliyoandika mimi iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo! Tumeipiga pasi kidogo."

Mshonaji alivaa miwani. Wasifu wa marehemu, mwalimu wao wa hesabu, kweli ulikuwa umepigwa pasi, tena pasi ya moto, hadi maisha ya mzee wa watu hayakubaki na mkunjo hata mmoja. Kufukuzwa kazi, hakuna. Kutolewa vyombo nje ya nyumba ya shule huku mvua inanyesha, hakuna. Miaka aliyofundisha watoto barazani kwa malipo ya unga na mkaa, nayo imefutika. Kwa mujibu wa karatasi, mwalimu alifundisha, akastaafu kwa heshima, akazeeka, akafa. Na chini kabisa: mwanafunzi wake bora, aliyeongoza darasa katika hesabu, alikuwa Mheshimiwa.

"Mwanangu," alisema polepole, "aliyeongoza lile darasa ni mimi."

Katibu alicheka kwa adabu. "Mama nawe! Umri huo bado unagombea namba?" Kisha akashusha sauti. "Kijana wako hajambo?"

Mwana wa mshonaji alikuwa mahabusu tangu juma lililopita. Aliuliza katika kikao cha wazazi mabati mapya ya ukumbi huu yamekwenda wapi, akachukuliwa na watu wawili wapole sana, waliomruhusu hata kufunga kamba za viatu. Chakula anachompelekea hupokelewa, lakini mwenyewe hajamwona. Jana alirudishiwa shati la kijana. Alilishona yeye, kwa hiyo alilijua. Halikuwa na kifungo hata kimoja, na lilikuwa limefuliwa. Usiku kucha alikuwa akijiuliza polisi wameanza lini kumfulia mtu nguo.

"Mheshimiwa akipiga simu moja tu," alisema katibu, "jioni mnakula pamoja. Soma vizuri, mama. Usitie chumvi."

Ndani ya ukumbi, turubai la buluu lilikuwa limezibia pale palipokosa mabati, na mwanga wake uliangukia jeneza, ukawafanya hata wazima wafanane na maiti. Mheshimiwa alikaa mbele, karibu na mjane. Askari wake alisimama mlangoni. Nyuma walikaa waliosoma darasa moja na mshonaji, vichwa vyeupe, makoti yamewazidi mabega.

Marehemu walimwita Kwasababu, maana jibu lisilo na "kwa sababu" hakulipokea. Hilo ndilo lililomponza. Baba mmoja mwenye cheo alitaka mwanawe aongezewe alama. Akaulizwa kwa sababu gani. Siku chache baadaye mwalimu hakuwa na kazi, na yule mtoto wa baba ndiye Mheshimiwa wa leo.

Darasani mwake mtu akikosea ubaoni, hakuna kucheka, hakuna kunong'ona. Aliyeliona kosa anasimama tu, kimya, mpaka aliyeshika chaki arudi juu, alitafute mwenyewe, alifute. "Rudi juu, binti," alimwambia mshonaji siku moja, alipokuwa anatetemeka na chaki mkononi. "Hakuna aliyewahi kufa kwa hesabu."

Sasa alisoma. Sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtu mwingine. Alistaafu kwa heshima, alisoma. Mwanafunzi wake bora, aliyeongoza darasa, alisoma, akalitaja jina la Mheshimiwa.

Nyuma kabisa fimbo iligonga sakafu. Alisimama kinyozi mstaafu waliyemwita Sifuri, kwa heshima ya alama alizozizoea. Akasimama mama mmoja mwenye shali. Wakafuata wengine, wakijikongoja na kushikana viwiko, hadi safu yote ya nyuma ikawa wima, kimya, macho kwake.

Katibu, mtoto wa juzi, alidhani wanampa Mheshimiwa heshima yake. Akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata.

Mheshimiwa hakupiga. Naye alikwishasimamiwa pale ubaoni, tena mara nyingi.

Kidole cha mshonaji kilipanda juu ya karatasi, mstari kwa mstari, kikaifikia ile "kwa heshima," kikatua. Neno moja tu lilihitajika: alifukuzwa. Mheshimiwa alitoa simu mfukoni, akailaza juu ya goti.

"Endelea, dada," alisema kwa upole.

Harufu ya sabuni ya lile shati ilimjaa puani. Akaendelea. Alisoma hadi nukta ya mwisho, na hakuna aliyekaa.

Jeneza lilipotolewa nje, Mheshimiwa alimwita kando ya gari lake.

"Umesoma vizuri. Kijana wako wamemtoa ndani, wamemweka kaunta. Wanasubiri neno langu."

"Ahsante, baba. Mungu akuzidishie."

"Lakini wale wenzetu waliosimama." Alitabasamu. "Sura zimechakaa, majina yamenitoka. Wewe ndiye uliyekuwa kiranja, ukituita majina kila asubuhi."

"Unayatakia nini, Mheshimiwa?"

"Ona huyu! Mpaka leo anadai sababu." Alicheka, katibu naye akacheka, kisha akatoa kalamu. "Nataka kuwatembelea, dada. Mmoja mmoja. Nyumbani kwao."

Majina aliyajua yote. Yalikuwa yamepangana kinywani mwake tangu utoto, na kila moja sasa lilikuwa na wajukuu, na mlango usio na komeo la maana.

Hapo ndipo Sifuri alipojipenyeza katikati ya waombolezaji, kiti cha plastiki kichwani, fimbo kwapani.

"Dada, kaa bwana! Miguu hiyo si ile ya kukimbilia kengele." Alikiweka chini, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti. "Mheshimiwa, shikamoo."

"Marahaba, mzee," alijibu Mheshimiwa, aliyekuwa rika lake. Akamgeukia mshonaji, simu sikioni, ikiita. "Basi tuanze na huyu. Jina lake hasa nani vile?"

Mshonaji alikaa, maana asingekaa angeanguka. Ardhi pale ilikuwa na mashimo. Sifuri alikizunguka kiti, akakishika mgongo kwa mikono yote miwili, kisimyumbishe.