Baga ya Dakika Kumi

Kabla hapajapambazuka, kisu kilikuwa kikigonga ubao jikoni kwa Arlene, tak, tak, tak, bila haraka. Alikuwa akikata vitunguu vyembamba hata mwanga wa taa ukapenya, kama alivyofundishwa siku yake ya kwanza ya kazi kwenye mgahawa wa baga wa Clovis, mwaka 1971.

Enzi hizo mji wote wa Lima ulikula Clovis. Palikuwa na migahawa mitatu hapo mjini, na mingine mingi hadi jimbo jirani la Indiana, yote ina paa jekundu lenye ncha. Kisha kampuni ikafilisika. Mgahawa aliofanyia kazi Arlene sasa ni kliniki ya kung'olea watu meno, lakini ncha ya paa bado ipo.

Mkaangaji alikuwa Vernell, miaka kumi na tisa mbele ya chuma cha moto. Sasa yuko nyumba ya wazee, na tangu amzike mkewe mwezi wa pili amekuwa akikataa chakula, isipokuwa supu kidogo. Daktari alikuwa amesema ikifika Ijumaa hajala, itabidi wampitishie mpira wa kulishia tumboni. Vernell hataki mpira. Alipoulizwa anataka nini, alisema neno moja tu: "Clovis."

Arlene alikuwa amekwenda mara mbili. Alibeba nyama, mkate, jibini na matango ya siki kila kimoja kwenye chombo chake, akavipanga mbele ya mgonjwa ili mkate usilowe. Vernell alimega kidogo tu.

"Nyama nzuri," alisema. "Mkate mzuri. Ila siyo yenyewe, dada."

Leo ilikuwa Alhamisi. Arlene alikaanga baga ya kwanza, akaifunga kwenye karatasi ya nta kuona kama vidole vyake bado vinakumbuka mikunjo. Vilikumbuka. Hapo simu ikalia. Alikuwa Denise, binti wa Vernell, akipiga kutoka chumbani kwa baba yake.

"Shangazi Arlene, umeshajaribu. Usijitese."

"Nani anateseka? Niambie, amelala?"

"Amelala kidogo. Jana hata supu kaisukuma."

"Basi nakuja."

"Shangazi, una miaka sabini na sita."

"Na wewe una mdomo kama wa mama yako, Mungu amrehemu. Nakuja."

Denise alicheka, kisha akalia kidogo, na Arlene akamwacha alie mpaka amalize. Alipokata simu, alifungua ile karatasi aile baga, isipotee bure. Mvuke ulikuwa umeilowesha kwa ndani. Mkate ulikuwa umenywea, jibini limeshikana na kitunguu. Akauma.

"Ala!" alisema peke yake. "Arlene, mjinga wewe!"

Pale Clovis baga ilifungwa ikiwa moto, ikawekwa rafuni chini ya taa ya joto. Ikipita dakika kumi haijanunuliwa, amri ilikuwa itupwe. Lakini Vernell hakutupa. Moja aliila mwenyewe akiwa amesimama, na nyingine alizitia kwenye mkoba wa Arlene, kwa sababu alijua nyumbani kuna watoto watatu na baba yao ameshaondoka. Hakuwahi kumuuliza kitu. Alisema tu, "Hizi zimepitwa na wakati, dada. Kazizike."

Miaka kumi na tisa, mtu yule hakuwahi kula baga iliyotoka motoni. Na yeye Arlene amekuwa akimpelekea vya moto, vikavu, vya wageni!

Aliwasha jiko upya. Akakaanga, akafunga, akaviringisha taulo juu ya karatasi, akatia kwenye kopo la biskuti na kulifunika. Gari lilisumbua kuwaka. Akalisemesha kwa upole, likawaka. Kutoka kwake hadi nyumba ya wazee ni dakika kumi na mbili.

Muuguzi alimwinua Vernell kwa mito, akazima televisheni bila kuambiwa. Kisha akanyoosha mkono. "Nikuletee sahani, mama?"

"Hapana, asante, mwanangu. Baga iache kwenye karatasi."

Vernell aliipokea kwa mikono miwili. Aliibonyeza, akasikia ulaini wake. Akainua macho.

"Hii imepitwa na wakati," alisema.

"Dakika mbili."

"Meneja atakufukuza."

"Meneja kafa. Kula."

Akauma. Akatafuna polepole, muda mrefu, na Denise akageukia dirishani. Akauma tena. Haradali ilimdondokea kidevuni, na hakuna aliyeipangusa, maana hakuna aliyetaka kumkatiza. Alipofika nusu, akatazama ndani ya mkate.

"Tango moja? Kampuni ilitoa mawili. Bahili wewe!"

"Uzee, Vernell. Nimesahau."

"Mh." Alikunja karatasi juu ya nusu iliyobaki, mikunjo ile ile, akaiweka karibu na mto. "Kesho yule daktari anakuja na mpira wake. Nataka anikute natafuna. Njoo tena, dada, asubuhi kama leo. Na uje na mbili."