Onja Kwanza

Baba yangu, Mzee Ndung'u, hakunywa uji kabla mama hajauonja. Kwetu anayekuletea kibuyu huonja kwanza, ndiyo heshima. Lakini baba alihesabu mafunda, kisha akangoja aone kama mama ataanguka. Mwaka wa hamsini na tatu, askari wa wakoloni walipokuwa wakikamata watu, alidai mama amemuuza kwao, akatufukuza mimi na mama. Nilimchukia mno. Hata hivyo, nilipomwoa Mumbi hapa Ruiru, jioni ya kwanza nilimwambia, "Onja kwanza." Alicheka, akadhani ni mahaba.

Baada ya miaka minne hakuwa anacheka tena. Akaanza kwenda Thika kila Jumamosi na kikapu.

"Naenda sokoni," alisema.

Soko gani, na la Ruiru lipo? Tena alirudi bila hata nyanya moja. Mimi si mjinga. Jumamosi ya tatu nilimdanganya mnyapara wa shamba la kahawa kuwa naumwa na jino, nikatangulia kwa baiskeli, nikajibanza karibu na stendi ya mabasi ya Thika.

Mumbi alishuka, akapita maduka ya Wahindi, akaenda mpaka mtaa wa Kiandutu, akaingia chumba cha udongo. Nilisikia sauti ya mwanamume. Nikachomoa pampu ya baiskeli, nikanyatia mlangoni, tayari kumvunja mtu meno.

"Onja kwanza," sauti ikasema.

Nilishusha pampu, nikachungulia. Alikuwa baba, amekonda, yuko peke yake. Mumbi alionja mara tatu, akampa kibuyu. Mzee hakunywa. Alikuwa anamtazama kooni.

Mumbi alipotoka nilimshika mkono. "Kwa nini ulinificha?"

"Ungekubali nimtafute?" Aligusa tumbo lake. "Nina mimba. Akiwa mvulana ataitwa Ndung'u, jina la babu yake, kama desturi yetu. Nilitaka kumjua huyo ninayemleta nyumbani."

"Umemjua?"

"Siku ya kwanza tu. Si nimeishi naye miaka minne?"

Nilifunga kikapu chake nyuma ya baiskeli. Tukarudi Ruiru.

Jioni aliniwekea uji mezani, akakaa mkabala nami.

"Leo sionji," alisema. "Wala kesho. Ukishindwa kunywa, naenda kwa mama nikazalie huko."

Niliunusa, nikaona aibu kwa kuunusa. Nikaunywa, nikiogopa mpaka funda la mwisho. Nilipoinua macho Mumbi alikuwa analia, na miguuni pake kikapu kilikuwa tayari kimejaa nguo zake.