Tanuri Lililoelekea Upepo

…nisitikise taya, anasema mchongaji, sanamu ya mwasisi wa jiji haitakiwi kuwa na mdomo uliopinda, haya, nimetulia, uso umebanwa na chuma chake cha kupimia, na nyuma yangu meya na binti yangu wanapanga sanamu ikae wapi, ikae pale penye tanuri la mikate la zamani, anasema meya, si limezimwa siku nyingi, tunalibomoa, tunapanda maua… sawa, wabomoe, udongo ni udongo, mimi si mtu wa kulilia matofali… “Mama yako aliona mbali,” meya anasema, “soko huku, makazi kule, mitaa yote imeupa mgongo upepo, wahandisi wangu wanashangaa, alipangaje?” Nilipanga! Moshi ndio uliopanga, mume wangu alilijenga tanuri akaelekeza mdomo wake kwenye upepo, nikamwambia, baba, upande huo siyo, akasema, fundi ni nani hapa, basi siku tuliyowasha moto nikatoka na macho mekundu hata mlango siuoni, ndiko kuona mbali kwangu huko, na wajenzi wa barabara, wateja wangu wa kwanza, wakahamishia mahema upande usio na moshi, muuza chai akawafuata, mshona viatu akamfuata muuza chai, mikate ikalipa, nikajenga maghala, nikajenga nyumba za kupangisha, jiji likaota hivyo, kwa kunikimbia… halafu barabara ikasonga mbele, kambi ikang'oka, mume wangu, fundi wa kambi hiyo, akafunga mizigo, twende, akasema, nitakujengea lingine hukohuko, nikamwambia, tanuri halibebeki, mimi nabaki, akacheka, akadhani natania. Nilimpenda. Asubuhi aliyoondoka nilikanda unga kama kawaida, na mikate ikaiva vizuri tu, na mtoto tumboni akapiga teke… “Mama hana neno,” mtoto mwenyewe anamwambia meya, mtu mzima sasa na miwani yake, “ule ni udongo tu,” maneno yangu yaleyale, mbona yakitoka kwake yananichoma… ndani ya tanuri, juu ya mdomo wake, zipo alama za vidole vya baba yake, aliubonyeza udongo ungali mbichi, hakuacha kingine, picha hakuna, kaburi silijui, na huyu hajawahi kuuliza, mimi nami na shughuli zangu… “Si ndiyo, mama?” Usiongee, bibi, anasema mchongaji, napima midomo. “Kanyamaza, amekubali,” anacheka meya, simu iko sikioni tayari, leteni tingatinga kesho asubuhi… wewe meya, nani amekubali, sijakubali, sikubali, lije tu hilo tingatinga, nitamwamsha binti yangu mapema, mikono yangu haina nguvu tena, atakanda yeye, na kabla hatujawasha moto nitamwambia auingize mkono wake mle ndani, apapase juu, taratibu, na dereva akifika atazima mashine asubiri, maana mikate itakuwa haijaiva.