Mbeleko kwenye Michoro ya Mfereji

…lakini masikio hayo mchoroni ni ya mama, Suilan angeyajua hata gizani, yametokeza nje ya kilemba kama vishikio vya sufuria, na mama mwenyewe yuko hapa kwenye kiti cha magurudumu, anatafuna mbegu za alizeti kana kwamba haoni kitu, “Huyo simjui mimi, mfereji tulichimba kijiji kizima,” na Peiwen, binti wa makumbusho, bado ameinamisha kalamu juu ya kibandiko, “Bibi, hebu tazama vizuri, onyesho tunafungua kesho”… na marehemu Luan, mchoraji, alitumwa kutoka mjini na penseli zake aje achore furaha, na furaha ipo, ile pale ukutani, picha kubwa ya rangi ambayo Suilan na wenzake waliimbishwa mbele yake shuleni, wanawake wamenona mashavu, miti ya mizegazega imewakaa mabegani kama haina udongo, na huyo wa mbele anapeperusha bendera nyekundu… ila michoro hii ya penseli, iliyofungiwa sandukuni miaka yote hiyo, haikuchorwa kwa ajili ya ukuta, hapa mashavu yamebonyea, viatu ni vya majani, hapa mtu ameinamia bakuli na bakuli halina kitu, maskini Luan, mkono wake ulichora njaa kabla hajakumbushwa kwamba haipo… na kwenye karatasi ya kwanza, mgongoni kwa mwenye masikio ya mama, mbeleko yenye ua pembeni, na ndani ya mbeleko kichwa kidogo kimelala upande… mtoto gani, mama, mimi si nilizaliwa mfereji umekwisha, maji yanapita zamani… karatasi ya pili, theluji, mwanamke yuleyule, mgongo mtupu, mbeleko imekunjwa begani chini ya mzegazega usimchubue, maana udongo ulikuwa palepale, lazima ubebwe… na ya tatu mbeleko iko juu, mkononi, ua lake lilelile pembeni, na Luan ameandika kwa penseli neno “nyekundu”, basi hiyo ndiyo bendera tuliyoiimbia, jamani, hiyo ndiyo bendera… “Erni, twende, njaa inaniuma,” mama anasema, Erni, Binti wa Pili, ndivyo Suilan anavyoitwa nyumbani na wa kwanza hayupo, akiuliza aliambiwa wamemhesabu pamoja na binamu zake, akakubali, nani angebisha, wachanga hawakuzikwa makaburi ya ukoo, hawakuliliwa, hawakutajwa… na Suilan alimchukia mama kweli, aseme tu, kwa jambo la kitoto, kubebwa, akililia mgongo njia nzima kutoka shambani, nyayo zimechubuka, na mama yuko mbele, “Tembea! Mgongo unaniuma,” mgongo huohuo uliobeba magunia ya watu, akajua hapendwi, akakua hivyo, akaolewa hivyo, mvi zikamkuta hivyo… “Basi niandike asiyejulikana?” Peiwen anauliza, “Andika,” mama anajibu, maganda ya mbegu yanamdondokea mapajani, kalamu bado haijagusa kibandiko, na Suilan amesimama nyuma ya kiti, anautazama mgongo wa mama, umepinda, mwembamba ndani ya koti, machozi yanamtoka na hayafuti, kumbe haukuwa na nafasi, siku zote zile haukuwa na nafasi, yule wa kwanza alikuwa bado hajashuka.