Kinanda Juu ya Maneno ya Mzee Singano

1.

Mambo ambayo Hizza Shekiondo, mtengenezaji filamu wa Korogwe, aliyajua kuhusu kumliza mtu:

mvua ya juu ya bati humliza kuliko mvua inayoonekana;

mlango unaofungwa polepole humliza kuliko unaobamizwa;

jogoo akiwika mbali, mara tu mgonjwa anapokata roho, humliza hata asiyemjua marehemu;

na yote hayo ni kazi bure bila kinanda.

Kinanda alijifundisha mwenyewe, kidole kwa kidole, hakukalia benchi la mwalimu yeyote. Alikuwa na mkono wa kulia wa huzuni na mkono wa kushoto wa hofu. Watu wakamwita Hizza Machozi, naye jina hilo akalivaa kama kilemba cha sherehe.


2.

TANGAZO TANGAZO TANGAZO

Ijumaa hii, banda la video nyuma ya soko. Filamu mpya ya hapa hapa kwetu: MLANGO WA UANI. Yumo Mzee Singano, baba wa mababa wote. Njoo na leso. Asiye na leso aje na kanga ya mkewe. Kelele haziruhusiwi, isipokuwa za kulia.


3.

Mzee Singano Kaniki aliigiza baba katika kila filamu iliyopigwa kuanzia Muheza hadi Mombo. Baba mkali, baba mlevi, baba aliyefilisika, baba aliyerudi kutoka jela. Watoto wa mtaani walimwita Baba, naye akiitika.

Nyumbani alikuwa na binti mmoja tu, Mwantumu. Mwantumu aliolewa na mwanamume ambaye mzee hakumtaka, wakahamia Mpanda. Siku ya kuaga, mzee alisimama kwenye mlango wa uani akasema, "Wewe, ukitoka hapa, usirudi kupitia hapa."

Akatoka.

Hakurudi.

Simu zilikuwapo pande zote mbili, zenye chaji na vocha. Hakuna aliyepiga.


4.

Siku ya kupiga picha ya mwisho, mchana, uani, mtaa wa Manundu.

Kwenye karatasi, baba alitakiwa kumwambia binti anayeondoka: "Nenda salama." Basi. Hizza alikuwa nyuma ya kamera, hedifoni masikioni, kipaza sauti kimefichwa kwenye ungo wa mchele.

Mzee Singano aliukalia mkeka ubavu, uso kautazamisha ukutani, akaanza kusema. Akasema taratibu. Akasema marefu. Sauti yake ikashuka hadi ikawa kama ya mtu anayezungumza na kitu alichokishika mkononi.

"Kata," akasema Hizza. "Mzee, umeyaacha maneno ya kwenye karatasi."

"Nimeyaacha."

"Basi turudie."

"Haturudii. Hayo hayakuwa ya filamu. Yalikuwa ya Mwantumu."

Hizza akavua hedifoni. Mzee akajifuta shingo kwa kofia.

"Kumpigia siwezi, mdomo unakataa. Lakini yeye filamu zangu hazikosi, hilo nalijua. Ataiona hii, atasikia, yatakwisha. Yaache vilevile, bwana mdogo. Usiyapake kitu."

"Nimekuelewa, mzee."

"Umenielewa au umenikubalia?"

"Nimekuelewa."


5.

Sasa hapa, msomaji, nisogelee kidogo.

Ukitaka kujua Mzee Singano alisema nini, wa kuulizwa ni mtu mmoja tu. Mzee alizungumza na ukuta, na ukuta hauna kauli. Walioshika taa walikuwa mbali. Sauti ile iliingia kwenye masikio ya Hizza peke yake, laini, karibu kabisa, kana kwamba mzee amelaza kidevu begani mwake.

Nayo masikio yakaipokea. Ila sentensi ya kwanza haijafika mwisho, kichwani mwa Hizza kinanda kilikwisha kuanza. Alishaliona banda zima linalia. Alishachagua sauti za kuanzia, ule mkono wa kulia unaopanda kama mtu mwenye goti bovu. Mzee anasema, na Hizza anapiga. Mzee anasema, na Hizza

Alisikia. Hakusikiliza.

Usimcheke haraka. Nawe umewahi kumwitikia mtu "naam" toka chumba cha pili, na mpaka leo hujui alikuwa anakuitia nini.


6.

KAMATI YA UKAGUZI WA FILAMU
YAH: FILAMU IITWAYO "MLANGO WA UANI"

Kamati imeipitia filamu tajwa hapo juu na kuona kuwa haina matusi, haina uchochezi, na mavazi yanaridhisha. Kamati imebaini kuwa katika tukio la mwisho maneno ya mhusika Baba hayasikiki kutokana na muziki. Kwa kuwa kutosikika kwa mhusika si kosa la kimaadili, filamu inaruhusiwa kuoneshwa kwa watu wa rika zote.


7.

BABA: (kinanda)

(kinanda)

(kinanda)

      (anameza mate)

(kinanda)


8.

Bandani, Ijumaa, gizani:

"Kasema nini?"

"Sijui, lakini yanauma."

"Ongeza sauti, wewe fundi."

"Ukiongeza, kinachoongezeka ni kinanda."

"Basi nyamaza tulie."

Wakalia. Hizza alisimama nyuma yao, mikono kifuani, akizihesabu kamasi kama mkulima anayesikiliza mvua juu ya mahindi yake. Aliporudi kwake alikuwa anatembea katikati ya barabara.

Mzee Singano hakuwapo. Alikuwa amelazwa. Walipompelekea habari kwamba watu wamelia, aliuliza neno moja:

"Wamesikia?"

Na aliyepeleka habari, kwa wema wake, akajibu, "Sana, mzee."


9.

TUNASIKITIKA KUTANGAZA KIFO cha Mzee Singano Kaniki, mwigizaji, kilichotokea Korogwe. Habari ziwafikie nduguye Sadala Kaniki wa Muheza, na binti yake Mwantumu popote alipo.

Popote alipo.


10.

Ujumbe wa sauti kwenye simu ya Hizza. Nyuma yake kuku, na mtu anapasua kuni:

"Kaka Hizza, salaam alaikum. Ni Mwantumu, binti wa Mzee Singano. Sikuwahi kufika kumzika, barabara ilikatika. Nimefika sasa. Kaka, nimeambiwa... ngoja. Nimeambiwa na muuguzi kwamba baba alikuwa anasema, 'Mwantumu nimeshamwambia, yumo kwenye filamu.' Nimeitazama hiyo filamu. Nimeitazama mpaka shemeji yako kaninyang'anya simu. Kinachosikika ni muziki. Mzuri, usinielewe vibaya. Sasa naomba unipe ile isiyo na muziki. Nisikie tu. Hata kama ni matusi, kaka. Hata kama amesema nisirudi. Nisikie."


11.

Ile isiyo na muziki.

Kwa kawaida ya Hizza, na ya wenzake wote wanaofanya kazi hiyo kwa kamera ya kuazima na kadi mbili za kumbukumbu, filamu ikishatoka kadi husafishwa zikapokee kazi nyingine. Kadi ya uani wa Manundu ilipokea harusi ya watu wa Hale. Mahali alipokuwa Mzee Singano sasa kuna bibi harusi anakata keki, na shangazi mmoja ana kigelegele kirefu kisichokwisha pumzi.

Hizza aliichukua filamu yenyewe akajaribu kukitoa kinanda. Akakipunguza huku, akakikwangua kule, akampelekea rafiki yake Dar mwenye mitambo. Ikarudi sauti ya mtu anayezungumza ndani ya pipa la maji. Ikasikika pumzi. Likasikika "e". Kinanda kilikuwa kimeingia ndani ya maneno kama chumvi ndani ya mchuzi. Anayetaka chumvi itoke, amwage sufuria.

Akavikazia macho vidole vyake, vyote kumi. Kwa mara ya kwanza akatamani vingekuwa vya mtu mwingine.


12.

Akampigia. Angeweza kusema, "Imefutika, dada." Neno moja na heshima ya kuita. Lilimfika mpaka kwenye meno.

"Kaka, wewe ndiye ulivaa zile za masikioni," Mwantumu akasema. "Basi niambie kwa mdomo. Alisema nini?"

Kimya.

Na Hizza, jamani, hajawahi kuvumilia kimya. Akikutana na kimya hukijaza. Ndiyo kazi yake, ndiyo riziki yake, ndiyo sifa yake mjini.

Akajaza.

"Alisema, 'Mwanangu, mlango niliufunga kwa mkono, moyoni sikutia komeo.'"

Upande wa pili akasikia mtu anakaa chini. Kisha kilio, kile chepesi, cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Akamsikia anamwambia mumewe, "Hakutia komeo. Amesema hakutia komeo."

Hizza akakata simu akiwa ameloa mgongo. Akajiambia: nimemsaidia. Akajiambia tena. Mara ya tatu hakumaliza se


13.

Siku ya hitima. Wanaume ukumbini, wanawake uani, pazia katikati.

Baada ya dua, Mwantumu aliomba ruhusa aseme neno. Akayasema yale maneno, ya mkono na moyo na komeo. Wanawake wakashika vichwa. Mmoja akataka ayasikie tena ayaandike. Upande wa wanaume Hizza aliinamia sahani yake ya pilau, akatafuta kitu kwenye nyama.

Ndipo Baba mdogo Sadala, mdogo wake marehemu, akauliza kupitia pazia, pole pole, kama mtu anayeuliza bei:

"Alisema 'mwanangu'?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Kaka yangu? Alikuita 'mwanangu'?"

Kijiko kimoja kiliendelea, kikagundua kiko peke yake, kikaacha.

"Na hilo komeo," akasema Baba mdogo Sadala. "Kaka hakuwahi kuzungumza kama kanga. Nani amekupa maneno hayo, mama?"


14.

Mwantumu alikuja kesho yake, mchana, kwenye chumba cha kazi cha Hizza. Hakukaa.

"Mimi nina jina la bibi yangu," Mwantumu akasema. "Mama yake baba. Tangu nazaliwa baba ananiita Mama. Akitania, ananiamkia shikamoo. Hajaniita mwanangu hata siku moja. Angekuwa amemkosea mama yake. Akikasirika ananiita Wewe. Siku ile mlangoni aliniita Wewe. Ni hivyo viwili tu, kaka Hizza. Mama, au Wewe. Mimi nilikuwa nataka kujua ni kipi."

Hizza akafungua mdomo.

"Usitunge."

Akaufunga.

"Alisema nini?"

Majibu yalikuja, mazuri, yamevaa, yamejipanga mstari kama watoto wa shule. Alikuwa na lenye "Mama" na alikuwa na lenye "Wewe". Alikuwa na lililoanza kwa "Wewe" likaishia kwa "Mama", na hilo lingeliliza hata jiwe. Akayaacha yapite, moja moja.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa nimezivaa masikioni na sijui. Nilikuwa napiga kinanda kichwani."

"Muuguzi anasema alikwambia usipake kitu?"

"Aliniambia."

"Nawe ukasemaje?"

"Nikasema nimekuelewa."

Mwantumu akatikisa kichwa, si kwa hasira, bali kama mtu aliyekwisha kufika dukani akakuta limefungwa.

"Umemfunika mara mbili," akasema. "Mara ya kwanza kwa kinanda. Mara ya pili kwa mdomo wako. Na ile ya pili niliipenda, ndilo linaloniuma. Nimelala nayo usiku. Sasa hata akinijia ndotoni, nitajuaje kama ni yeye au ni wewe?"


15.



Hizza akawasha kompyuta. Akaitafuta filamu, akaipeleka kwenye tukio la mwisho. Akaiondoa sauti, yote, mpaka sifuri. Akamvutia kiti.

Mzee Singano akaonekana ubavu kwenye mkeka, sikio, shavu, pembe ya mdomo. Nyuma yake ungo wa mchele. Upepo unauchezea mwanga ukutani na hausikiki. Mzee anasema. Koo linapanda na kushuka. Mkono unanyooshwa kidogo, kana kwamba kuna mtu mbele yake, halafu unarudi gotini. Nje ya chumba pikipiki ilipita, ikapita na sauti yake, hakuna aliyeitaka.

Mwantumu alisogea hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

Midomo ya mzee ikafumba. Ikafumbuka. Ikafumba. Ikafumbuka.

"Hapo," akasema. "Umeona? Amefumba mara mbili. Ni 'Mama'."

Hizza akatazama.

"Au anameza mate," Mwantumu akasema.

"Au anameza mate," Hizza akakiri.

Mzee akaendelea kusema, marefu, taratibu, kwa ukuta. Kisha akanyamaza kidogo, namna anavyonyamaza mtu anayengoja kujibiwa.

"Naam, baba," akasema Mwantumu.

Mzee akaendelea.

"Naam."

Picha ikafika mwisho, ikawa nyeusi. Katika weusi ule walionekana wao wawili, mmoja amekaa, mmoja amesimama.

"Rudisha nyuma," Mwantumu akasema.

Akarudisha.