Mageuzi ya Huko Juu

Baba yangu, Mzee Ndalahwa, hakutaka kusikia neno mageuzi nyumbani kwetu Buzuruga. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama, na kiwanda cha pamba alichokitumikia tangu ujana kilikuwa kimefungwa kikisubiri mnunuzi. Vyama vingi navyo vilikuwa vimeruhusiwa. Kwake yote hayo yalikuwa jambo moja.

Katika hali hiyo Malimi akaja kuniposa, yeye na mjomba wake. Malimi alikuwa mtu wa hali ya hewa. Alipima upepo wa juu kabisa, ule unaogeuka kila baada ya muda. Nilimpenda sana, ila ukimuuliza kazi yake, anakueleza kazi yake.

"Napandisha baluni pale uwanja wa ndege," alimwambia baba baada ya shikamoo na marahaba. "Tunafuatilia mageuzi ya huko juu."

Baba akatua kikombe. "Huko juu kuna mageuzi?"

"Yameshaanza, mzee. Hapa chini hatuyahisi, lakini yanashuka taratibu. Upepo wa mashariki umekwisha nguvu, sasa unashika wa magharibi."

Mjomba wake akakohoa. Hakukohoa vya kutosha.

"Nani amekutuma kazi hii?"

"Serikali."

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba alishainuka na fimbo yake, na nilijua akitoka tu, posa imekufa. Mlangoni akasimama.

"Na huo wa magharibi, utadumu?"

"Hapana, mzee. Hupokezana. Mwaka na kitu hivi, wa mashariki unarudi."

"Unarudi?"

"Lazima. Ndivyo inavyokwenda miaka yote."

Baba akarudi kuketi. Machozi yalimlengalenga, na mimi nikaona uchungu kumtazama. "Wilhelmina, waongeze chai."

Malimi akafungua mdomo aeleze zaidi. Nikamkanyaga mguu huku namimina.

"Binti nimekupa," baba alisema. "Harusi mtafunga wa mashariki ukirudi."

Basi tukasubiri. Wenzangu walikuwa wakisubiri mahari, mimi nasubiri upepo. Siku Malimi alipoleta habari kwamba umeonekana, baba alimkumbatia mbele za watu. Harusini alicheza mpaka shati lake la kijani likalowa.

Asubuhi yake mama alimkuta amevaa ovaroli ya kiwandani, ameipiga pasi mwenyewe. Mama hakuwa na moyo wa kumzuia. Akamfungia chakula cha mchana.